MissingNo. Hakufuta Kitu

Kazi za chumba cha habari zimenibana mpaka wengine mmeanza kuuliza kama nimehama nchi. Nipo. Leo nimepata mwanya, na badala ya kuandika yale mnayoyasoma kila siku magazetini nimeamua niandike habari ya gemu. Msicheke kwanza. Ndani ya habari hii kuna kesi, na mshitakiwa wa kweli ni mimi mwenyewe.

Mwaka 2004 baba mdogo alirudi Tanga kutoka Muscat na familia yake. Kwenye masanduku yao, chini ya udi na mablanketi, kulikuwa na Game Boy Color ya mtumba na kaseti moja ya Pokémon Blue. Watoto tulikuwa watatu, gemu moja, na kaseti yenyewe inahifadhi safari moja tu. Yaani mkianza watatu mnacheza maisha ya mtu mmoja. Kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, nikaandika jina langu la mjini: BISHOO. (Ndiyo, mnaruhusiwa kucheka hapo.) Tulicheza kwa zamu miezi kadhaa, betri tukizianika juani zikiisha nguvu, maana betri mpya zilikuwa hela ya mandazi ya wiki nzima.

Binamu yangu mdogo alikuwa amesoma madarasa ya mwanzo kule Muscat, na alikuja na maneno ya shuleni kwao. Alisema kuna dubwana lisilo na sura, linaitwa MissingNo., na ukikutana nalo vitu vyako vinazaana mkobani. Nikamwambia aache uongo. Siku moja akachukua gemu, akafanya anayoyajua, akaja mbio kutuonyesha. Rare Candy, ile peremende ya kumpandisha mnyama wako ngazi, alikuwa nayo moja, sasa zilikuwa zaidi ya mia. Nyumba nzima ilishangilia. Lakini alisema na neno la pili, ambalo nalo alilitoa shuleni: ukimgusa MissingNo. anaweza kukufutia gemu lote.

Siku mbili baadaye safari ya BISHOO ikafutika. Tukiwasha, gemu linataka tuanze upya kama vile hatujawahi kuwapo. Sikungoja uchunguzi. Nilisema mbele ya watu wote, kwa sauti ya hakimu, kwamba ni yeye, alimchokoza MissingNo. Baba mdogo, ambaye hata hakujua tunazungumzia nini, alivua kandambili. Binamu yangu hakuigusa tena ile Game Boy mpaka ilipokufa.

Sasa tuingie kwenye dubwana lenyewe, kwa sababu nimetumia wiki nzima ya usiku kulisoma na nimegundua mambo.

Kwa wasiojua: Pokémon ni mchezo wa kukusanya madubwana. Unatembea porini, unakutana nayo, unapambana nayo, unayakamata, unayafuga. Toleo la kwanza lilitoka Japani tarehe 27 Februari 1996, kazi ya kampuni ya Game Freak iliyoanzishwa na Satoshi Tajiri, na Marekani walilipata Septemba 1998 kwa majina ya Red na Blue. Madubwana yalikuwa 151 kwa hesabu rasmi. Ila ndani ya programu, mahali ambapo mchezaji hatakiwi kufika, orodha ina nafasi 190. Na haijapangwa kama ile iliyochapishwa. Ukiifungua ndani, wa kwanza si Bulbasaur bali ni Rhydon. Toa 151 kwenye 190, zinabaki nafasi 39. Hizo ndizo MissingNo., kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayomaanisha namba haipo.

Kwa hiyo MissingNo. si dubwana moja. Ni makaburi 39. Ni nafasi za madubwana yaliyofikiriwa yakaondolewa kabla gemu halijaingia sokoni, na waandika programu wakapaka chokaa juu yake: jina moja kwa wote, namba 000 kwa wote. Walichosahau, au hawakuona haja ya kukiondoa, ni sauti. Nyingi katika nafasi hizo bado zina mlio wake, tofauti na wa mwenzake. Picha imeondoka, jina limeondoka, sauti imebaki. Niliposoma hilo saa saba za usiku, nikiri, nilizima kompyuta nikalala.

Hawa viumbe wa hitilafu wapo wengi kwenye michezo hiyo, lakini MissingNo. ndiye aliyepata umaarufu, na sababu ni kwamba njia ya kumfikia haihitaji kifaa chochote. Mtoto wa miaka minane anaweza. Unakwenda mji wa Viridian, unazungumza na mzee mmoja anayekuonyesha namna ya kukamata dubwana. Ukimaliza, unaruka kwa ndege wako moja kwa moja hadi kisiwa cha Cinnabar, unaingia majini, unaogelea juu na chini ukiambaa ufuko wa mashariki. Baada ya muda anatokea. Basi.

Ukisikia maelezo hayo kwa mara ya kwanza unaona ni uganga. Mzee, kisiwa, kuogelea upande wa mashariki. Kilichobaki ni kuku mweusi tu. Lakini kila hatua ina sababu yake, na hapo ndipo nilipoona kwamba hii si hadithi ya watoto.

Game Boy ina kumbukumbu ya kufanyia kazi ya kilobaiti 8. Ukitaka kujua ni kiasi gani, ni kama meseji za simu zisizofika 60. Ndani ya nafasi hiyo iingie ramani, muziki, mapambano, mkoba, kila kitu. Kwa hiyo kila kona inatumika mara mbili, kama chumba cha kupanga ambacho mchana ni sebule na usiku ni chumba cha kulala. Mzee wa Viridian anapoonyesha kazi, skrini inatakiwa isome jina lake mahali ambapo kwa kawaida linasomeka jina lako. Programu inachukua jina lako inalihamishia pembeni kwa muda. Na pembeni penyewe ni pale inapokaa orodha ya wanyama wa porini wa eneo ulilopo. Kwa kawaida hakuna ubaya, kwa sababu ukiingia eneo jingine lenye wanyama, orodha mpya inaandikwa juu yake. Cinnabar haina orodha ya wanyama wa nchi kavu. Hakuna kinachoandikwa. Jina lako linabaki pale pale.

Kosa la pili liko ufukoni. Kwenye ule ukingo wa mashariki programu inakosea kidogo inapojiuliza mchezaji yuko wapi: inakubali kwamba mnyama anaweza kutokea, halafu inakwenda kumtafuta kwenye orodha ya majani badala ya orodha ya maji. Na kwenye orodha ya majani kuna nini? Kuna jina lako.

Kwa hiyo mashine inalisoma jina lako kana kwamba ni orodha ya wanyama. Herufi ya pili, ya nne na ya sita zinakuwa ngazi. Ya tatu, ya tano na ya saba zinakuwa aina ya dubwana. Ndani ya gemu A kubwa ni namba 128, B ni 129, na kuendelea. Nikachukua kalamu. BISHOO: herufi ya tatu ni S, yaani 146, na 146 ni moja ya zile nafasi 39. Herufi ya pili ni I, yaani 136. Kwa maana hiyo tulikutana na MissingNo. wa ngazi ya 136, kwenye mchezo ambao mwisho wa ngazi ni 100. Mtoto aliyejiita JUMA angempata pia, kwa sababu ya M. ASHA vilevile, kwa sababu ya H. IDDI angekutana na Mewtwo, dubwana lenye nguvu kuliko yote, akiwa ngazi ya 131, na pengine angetandikwa vibaya kabla hajajua kulikoni.

Sijui ninyi mnaonaje, lakini mimi niliona haya yanatosha kumfundisha mtoto kompyuta muhula mzima. Kwamba herufi ni namba. Kwamba mashine haijui tofauti ya jina la mtu na orodha ya wanyama mpaka iambiwe. Wengi tuliosoma somo la kompyuta shuleni tulikaririshwa sehemu za kompyuta ubaoni, tukachora na panya wake, na umeme ukikatika tukaenda kucheza mpira.

Na zile peremende? Hizo nazo hazina uchawi. Kila unapoliona dubwana jipya, gemu linaweka alama ya vema kwenye kisanduku chake katika Pokédex, daftari la madubwana. Visanduku vinane vinakaa katika baiti moja, kwa hiyo 151 vinahitaji baiti 19. Gemu linatoa moja kwenye namba ya dubwana kabla ya kuhesabu, maana kompyuta inaanzia sifuri. MissingNo. ni namba 0. Sifuri ukitoa moja, kwa mashine ya aina ile ambayo haina namba hasi hapo, unapata 255. Basi inahesabu visanduku mpaka huko, inatoka nje ya daftari, inaingia kwenye mkoba uliopangwa jirani yake, na kuweka vema yake kwenye baiti ya 32. Hesabu nami: 19 za daftari, moja ya idadi ya aina za vitu, kumi za vitu vitano vya kwanza (kila kimoja aina na kiasi), moja ya aina ya kitu cha sita. Jumla 31. Ya 32 ni kiasi cha kitu cha sita. Na kisanduku kinachopigwa vema humo ndani ni kile chenye thamani ya 128. Ulikuwa na moja, sasa una 129.

Nilipomaliza hesabu hiyo nilicheka peke yangu kama mwehu. Binamu yangu alikuwa na peremende 129, na kama ningekuwa na akili ningeuliza kwa nini 129 na si 100.

Sasa turudi kwenye shitaka. Je, MissingNo. anafuta gemu?

Mei 1999 jarida la Nintendo Power, lililokuwa sauti ya Nintendo kwa wachezaji wa Marekani, liliwatahadharisha wasomaji kwamba kukutana naye kunaweza kufuta safari yao au kuharibu picha. Maneno yale, kwa njia ambazo maneno ya watoto hupita, yaliingia kwenye viwanja vya shule vya dunia, na nadhani ndiyo yaliyofika hadi darasani Muscat na kupanda ndege kuja Tanga. Kwa nini wasiaminiwe? Wao ndio wenye mali.

Ukweli waliouchimba wachezaji wenyewe ni huu. Picha ya MissingNo. inapofunguliwa ni kubwa kuliko nafasi iliyotengewa picha, inamwagika na kuchafua kumbukumbu za jirani, ambazo ni zile za Hall of Fame, ukumbi wa heshima unaoweka majina ya madubwana uliyoshinda nayo ubingwa. Hizo zinaharibika kweli, na haziponi. Picha za wanyama wengine zinaweza kuonekana zimepinduka, nazo zinatengemaa ukifungua kurasa ya mnyama wa kawaida. Safari yako, yaani mkoba, wanyama, nishani na mahali ulipofika, inakaa sehemu nyingine. MissingNo. katika Red na Blue haigusi.

Hakufuta kitu. Binamu yangu alichapwa kandambili bure.

Hapa ndipo msimamo wangu ulipo, na najua baadhi yenu hamtaupenda. Tahadhari isiyo na maelezo ni umbea wenye nembo. Kampuni iliyotengeneza kitu ilikuwa na uwezo kuliko mtu yeyote duniani wa kusema nini kinaharibika na nini hakiharibiki. Ilichowapa watoto ni kwamba usimguse. Najua hoja ya kuwatetea: jarida la watoto si mahali pa kueleza mambo ya baiti, na kama picha zinaharibika ni afadhali kutahadharisha kuliko kunyamaza. Nakubali nusu. Ningekubali yote kama wangesema picha zitavurugika na ukumbi wa heshima utachafuka. Walisema na ambalo halikuwa kweli, na kila safari iliyopotea kwa sababu nyingine yoyote ikapata mchawi wake.

Jambo linaloniuma zaidi kama mwandishi ni lingine. Kwenye miaka hiyo hiyo kulikuwa na uvumi mwingine, kwamba dubwana la siri liitwalo Mew liko chini ya lori lililoegeshwa kando ya meli ya S.S. Anne bandarini Vermilion. Lori lipo kweli. Watoto walilisukuma weee, hakuna kitu. Weka habari hizi mbili mezani uchague ya kweli: dubwana chini ya lori, au dubwana linalotokea ukizungumza na mzee kisha ukaogelee mashariki ya kisiwa. Mhariri yeyote mwenye akili timamu angechapa ya lori na kuitupa ya mzee. Angekosea. Pua ya habari tunayojisifia haikuwa na msaada wowote hapo. Kilichotenganisha uongo na ukweli ni watoto waliokwenda kujaribu, wakarudi wakasema nimeona, na mwingine akajaribu akaona vilevile.

Na Mew naye ana kisa chake, ngoja nikidokeze. Shigeki Morimoto wa Game Freak alimwingiza mwishoni kabisa, baada ya zana za kusaka makosa kuondolewa kwenye kaseti na kubaki upenyo wa baiti kama 300. Hakutakiwa kuonekana na wachezaji. Akaonekana kwa sababu ya hitilafu, uvumi ukavuma, na mwaka 1996 jarida la CoroCoro la Japani likaendesha bahati nasibu ya kumgawa kwa watu 20. Yaani kosa ndilo lililoipa kampuni tangazo lake bora. Halafu mwaka 2003 wachezaji wakagundua njia ya kumpata Mew kwenye kaseti ya kawaida: unamkimbia mpinzani mmoja kwa kuruka, unapigana na kijana mwingine mwenye Slowpoke ambaye moja ya takwimu zake ni 21, na kwenye orodha ya ndani 21 ni Mew. Miaka saba alikuwa ndani ya kaseti ya kila mtu, chini ya pua zetu, na hakuna aliyekuwa chini ya lori.

Nani aliyeyajua haya yote? Si kampuni. Ni vijana waliojitolea, wengi bila malipo, walioichambua programu ya Red na Blue mstari kwa mstari mpaka wakaiandika upya na kuiweka wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma. Mwaka 2007 William Bainbridge na Wilma Bainbridge waliandika katika jarida la kitaaluma kuhusu namna watu wanavyotumia makosa ya programu kwa ubunifu, na MissingNo. akaingia humo. Nafurahi. Ila naona hata neno ubunifu ni dogo. Hii ni kazi ya uchunguzi, na imefanywa kwa uangalifu kuliko uchunguzi mwingi ninaouona kwenye kurasa zetu za mbele.

Sasa mtu ataniambia, kaka, unatukuza uzembe. Hapana. Mwaka 2013 Pokémon X na Y zilitoka na kosa ambalo ukihifadhi safari yako kwenye baadhi ya mitaa ya jiji la Lumiose, gemu linaganda na safari inanasa. Kosa la namna hiyo lirekebishwe siku hiyo hiyo, na walilirekebisha mwezi huo huo kwa njia ya intaneti. Novemba 2022 Scarlet na Violet zilitoka zimejaa vituko, watu wanazama ardhini, kamera inapita kwenye kuta, na bado ziliuzwa nakala milioni 10 kwa siku tatu. Huo nauita uzembe bila kumung'unya, au haraka ya sokoni, chagueni. Ninachokipigania ni kingine: kosa la zamani ambalo limeshakuwa sehemu ya kitu lisifutwe kimyakimya kana kwamba halikuwapo.

Kwa hilo niwape Nintendo haki yao. Februari 2016, Red na Blue zilipouzwa upya kwa ajili ya Nintendo 3DS, waliziacha kama zilivyokuwa. Mzee yupo, ufuko wa Cinnabar upo, MissingNo. yupo. Ingekuwa rahisi kumzika mara ya pili na hawakumzika. Lakini tarehe 27 Machi 2023 duka la 3DS likafungwa kwa manunuzi, na njia hiyo halali ya kuzinunua ikafungwa nayo. Kaseti za zamani zinatunza safari kwa betri ndogo iliyochomelewa ndani, nazo zinakufa moja baada ya nyingine. Mwenye mali akifunga duka na betri ikifa, anayebaki kushika ushahidi ni yule kijana mwenye nakala kwenye kompyuta yake, ambaye kisheria tunamwita mwizi. Sina suluhisho la hilo. Nasema tu kwamba bila watu wa aina hiyo nisingeweza kuandika makala haya, na binamu yangu angeendelea kuwa na hatia.

Ndiyo, binamu yangu. Nilisema mshitakiwa ni mimi.

Nilipojua kwamba si MissingNo., ilinibidi nijiulize ni nani. Na sikuhitaji kufikiri sana, kwa sababu jibu nilikuwa nalo tangu 2004. Game Boy Color ina taa ndogo nyekundu pembeni, inafifia betri zikiwa zinaisha. Jioni ya mwisho kabla safari haijafutika nilikuwa nayo mimi. Umeme ulikuwa umekatika, tunaitwa kula, taa imefifia mpaka huioni vizuri. Nikabonyeza kuhifadhi. Gemu likaandika kwamba linahifadhi. Likazimika. Nikaliweka chini ya mto nikaenda kula ugali na samaki, na sikumwambia mtu. Betri ikikata katikati ya kuhifadhi, kilichokuwa kinaandikwa kinabaki nusu, na gemu likikagua likiona hesabu hazilingani linakataa kuifungua. Hiyo inajulikana, imeelezwa, haina dubwana ndani yake.

Asubuhi yake, ilipoonekana kwamba safari imepotea, nilikuwa na hadithi nzuri mkononi, yenye dubwana na yenye mtu wa kulaumiwa, na tena yenye idhini ya wenye gemu. Niliitumia.

Juzi Jumapili nilimpigia simu. Sasa ana fundi wawili chini yake, anatengeneza simu Tanga mjini, ana mtoto wa miaka sita. Nikamweleza yote, taa nyekundu na ugali. Akanyamaza kidogo, halafu akaniambia, "Kaka, ile siku nilikuona unaingiza kitu chini ya mto." Nikamuuliza kwa nini hakusema. Akasema mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, nani angemsikiliza yeye?

Tukakaa kimya wote wawili, salio likienda. Kisha akauliza kama ni kweli kwamba dubwana lile lilitoka kwenye jina. Nikamwambia ndiyo, ni ile S ya BISHOO. Akacheka sana mpaka mtoto wake akaja kuuliza kuna nini.

Kwenye droo yake bado ana ile Game Boy. Anasema kioo kizima, kilichokufa ni swichi, na ile betri ya ndani ya kaseti anaweza kuibadilisha kwa nusu saa. Nimemwambia nitakwenda Tanga mwisho wa mwezi na betri mpya, pakiti nzima. Safari hii jina anaandika yeye.